Kaka Tuliyemwona Kwenye Filamu ya Vita

Kwa siku tisa nilimwogopa mwanamume aliyekufa mwaka 1951. Sababu ni vifungo vya shati lake.

Usicheke. Kaa nikusimulie.

Naitwa Tomasa, wa Añasco, Puerto Rico. Shule niliishia darasa la sita, na mashati ya kiume nimeyashona kiwandani Mayagüez miaka thelathini na moja. Dada yangu Providencia, sisi tunamwita Provi, ananizidi miaka kumi na minne. Wakati wa mambo haya alikuwa ametimiza tisini.

Tulikuwa na kaka mmoja, Baudilio. Mwaka 1950 jeshi la Marekani lilimchukua pamoja na vijana wengine wa kisiwani kwetu, likawapeleka vitani Korea. Mimi nilikuwa na miaka saba. Hakurudi. Hata mwili haukurudi.

Picha yake ilikuwa moja tu. Kimbunga cha 2017 kilipouleta mto mpaka sebuleni, picha ikawa uji ndani ya fremu.

Tangu siku ile Provi akaacha kula. Kahawa na biskuti ya chumvi, basi. Ukimpikia anasema, "Weka hapo." Ukirudi unakuta chakula palepale, na nzi wake. Alibaki mifupa na gauni.

Sasa, kuna mwalimu anaitwa Wilfredo, ndiye anayesimamia ukumbi wa utamaduni hapa mjini. Yeye aliandikia hifadhi ya nyaraka za serikali kule Marekani, wakamtumia filamu. Dakika nne, nyeusi na nyeupe, haina sauti. Vijana wetu Korea, wanajiandaa kupanda mlima kushambulia.

Jumapili baada ya misa tukajazana ukumbini.

Theluji. Matope. Moshi. Vijana wamechuchumaa wanakula kwenye mikebe. Mmoja akainua uso, akamtazama mpiga picha huku anatafuna, akacheka. Juu ya jicho lake la kushoto kulikuwa na kovu refu.

"Baudilio," nikasema.

Sura yake ilikuwa imenitoka, sikufichi. Lakini lile kovu, kila aliponibeba nililipapasa kwa kidole. Panga la miwa lilimkata juu ya jicho la kushoto.

Nyuma yangu mtu akaguna. Radamés, mpwa wa Bi Iluminada Feliciano.

"Baudilio wapi? Huyo mjomba wangu Eligio."

"Wewe ulimwonea wapi?" nikamuuliza. "Mama yako alikuwa hajaota hata meno."

Watu wakacheka. Lakini Eligio kweli aliondoka siku moja na kaka yetu, naye pia alifia huko, mwaka 1951. Picha zake ziliondoka na paa la nyumba yao, kimbunga kilekile. Na kovu alikuwa nalo. Wakata miwa wa enzi zile, nani hakuwa nalo?

Wilfredo akasimamisha filamu. "Kovu la Eligio lilikuwa upande gani?"

Wazee wakajibu kama kwaya: "Kulia."

"Na hili liko kushoto."

Radamés akakaa.

Bi Iluminada mwenyewe, dada wa Eligio, hakutia neno. Alikuwa ameketi jirani na Provi. Nikamwona dada yangu anamshika mkono, anamwinamia, anamnong'oneza kitu sikioni. Nikasema moyoni, huyu dada yangu ana utu jamani, anamfariji mwenzake.

Wilfredo akaitoa ile sura kwenye karatasi kubwa mbili. Moja ya Provi, moja ya ukutani pale ukumbini, na jina la Baudilio chini yake.

Siku hiyohiyo Provi akaniambia, "Nina njaa."

Nikapika wali na mbaazi, nikachemsha na ndizi mbichi. Akala. Akakomba sahani kwa kidole. Nikaenda jikoni nikalia kimyakimya, nimeuma taulo.

Wiki tatu nyumba ikawa na raha. Provi akanenepa mashavu. Anamwongelesha yule askari kwenye karatasi, anamwambia mvua imenyesha, bei ya mayai imepanda.

Halafu nikaharibu.

Wilfredo alikuwa amenitumia filamu kwenye simu. Asubuhi moja kahawa inachemka, mimi naitazama, pengine mara ya mia. Safari hii sikutazama uso. Nikatazama shati.

Nilishona kola zile miaka kumi kabla sijahamishiwa kwenye vifungo. Shati la mwanamume vifungo hukaa upande wake wa kulia, matundu upande wa kushoto. La mwanamke kinyume chake. Hata unikurupushe usingizini nitakujibu hivyo.

Yule askari alikuwa amevaa shati la kike.

Nikamtazama wa pembeni yake. La kike. Wa nyuma, aliyefungua koti. La kike. Kikosi kizima.

Kahawa ikamwagikia jikoni, sikuinuka.

Nikampigia Wilfredo, nikajifanya naulizia mengine. Mwisho nikatupia, "Hivi filamu inaweza kutoka kinyume, kama mtu anajitazama kwenye kioo?"

"Inaweza, bibi. Mtu akiiweka mgongo mbele kwenye mashine ya kunakili, kulia kunakuwa kushoto. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Basi kovu lilikuwa kulia. Basi alikuwa Eligio.

Sasa niambie wewe ungefanyaje. Nikisema, Provi anarudi kwenye biskuti, na kwa tisini ile asingemaliza mwezi. Nikinyamaza, nimemwibia kikongwe mwenzangu kaka yake mchana kweupe.

Siku tisa sikutulia. Nilifua nguo safi. Nilifagia uani mara tatu, majani nikayarudisha mwenyewe kwa kutojua ninachofanya. Misani nilikaa benchi la nyuma nisikutane na macho ya Bi Iluminada. Yeye akanifuata mlangoni. "Provi anakula?" Nikasema anakula. "Vizuri," akasema, akaenda zake na mkongojo wake. Nilitamani sakafu inimeze.

Siku ya kumi nikaenda kwake. Alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Bi Iluminada, nimekuja kukuomba radhi. Yule kwenye filamu ni Eligio wako."

Akaendelea kuchambua.

"Filamu imegeuzwa. Nimejua kwa vifungo."

"Vifungo gani?"

Nikamweleza, kulia, kushoto, matundu, kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika, maharage yanadondoka.

"Tomasa, mimi kaka yangu nimjue kwa vifungo? Nililala naye chumba kimoja miaka kumi na tano. Nilimjua alivyokuwa anatafuna. Anatafuna kama mbuzi yule."

"Ulijua siku ileile?"

"Kabla hujafungua mdomo wako."

"Na ukaninyamazia?"

"Wewe sikukunyamazia. Nilimnyamazia Provi." Akaacha kucheka. "Unakumbuka alinishika mkono? Unajua aliniambia nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Aliniambia, 'Iluminada, niazime huyo. Wangu hakupigwa picha.'"

Provi alimjua Baudilio miaka ishirini na moja. Alimpikia, alimshonea, aligombana naye. Asingeweza kumfananisha na mwingine. Alikaa pale ukumbini, akaona wa mwenzake, akaomba.

"Sasa nikamwambie Wilfredo arekebishe?" nikauliza.

"Haraka ya nini? Mimi nimemwona, ametafuna, amecheka. Kwa miaka sitini na nane sikujua kama kule alikuwa anacheka. Mwache Provi akae naye."

Nikarudi nyumbani. Provi alikuwa dirishani, picha mapajani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Iluminada."

Akaifunika picha kwa kiganja. "Amemtaka?"

"Amesema ukae naye."

Akaondoa kiganja. Kisha akaniambia wali wa jana ulikuwa na chumvi nyingi, na leo nisimwekee mkono mzito.

Alikufa Aprili iliyofuata, amelala vizuri, ana mashavu yake. Siku ya tisa ya rozari ya kumwombea, Bi Iluminada alikuja, nikamkabidhi ile picha ya kaka yake imefungwa kwenye foronya. Tukaenda wote kwa Wilfredo. Akaigeuza filamu, vijana wote wakarudi kuvaa mashati ya kiume, na ukutani sasa pameandikwa Eligio Feliciano. Pembeni yake pana jina la Baudilio, bila picha.

Nikupe neno moja, wewe unayesoma. Ukibeba siri inayokufagilisha uani mara tatu, hebu kwanza nenda ukaketi na mwenye nayo. Mimi nilidhani nawalinda vikongwe wawili, kumbe wao walishamalizana siku ya kwanza, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa natazama filamu.