Padri Si Hirizi

Asubuhi ile padri wa kikosi alikuwa amefura kwa hasira. Kanzu ya ibada ameikunja kwapani, buti zimejaa tope, na wanajeshi wamemzunguka katikati ya magari, wanamgombea.

"Padri, panda kwetu! Juzi ulipanda na wapishi."

"Kwetu bwana, sisi ndio tunaotangulia!"

Mambo haya yalianza siku lori alilopanda lilipokanyaga bomu la ardhini na bomu lisilipuke. Tangu hapo, ibadani wanakuja wachache, nao wanasinzia, lakini msafara ukitaka kuondoka kila mtu anamjua padri. Wanamgusa bega kwa kuibia, wakidhani haoni. Mmoja alimkata kifungo cha kanzu akakivaa shingoni. Miaka yote ile ya seminari, jamani, aje kuwa hirizi!

"Leo sipandi gari la mtu!" alifoka. "Anayetaka kinga avae kofia yake ya chuma!"

Akaingia hemani, akaketi juu ya sanduku la risasi linalotumika kama altare. Magari yakaondoka. Alijiona mshindi, lakini kwa muda mfupi sana.

Turubai likafunuliwa, akaingia dereva wa gari la wagonjwa, mtu mwenye mvi zake, ambaye ibadani hajawahi kutia mguu.

"Padri, kuna majeruhi darajani. Twende."

"Na wewe pia? Mtu mzima hivyo?"

"Mimi pia nini?"

"Bomu! Unadhani nikipanda mimi halitalipuka?"

Dereva alimkazia macho.

"Likitaka kulipuka litalipuka, tufe wote. Mimi nakutaka kule nyuma. Daktari anafunga vidonda, mimi nimeshika usukani. Anayekufa anaita mama yake njia nzima, hana hata wa kumshika mkono. Nimechoka kuwasikia, Padri."

Padri aliinuka juu ya sanduku. Aliona haya. Bado alikuwa na hasira, ila sasa hakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe. Akapanda nyuma.

Wakati wa kurudi, majeruhi mmoja, mwanamume wa miraba minne, alimng'ang'ania mkono huku macho yameshapotea.

"Mama," aliita. "Mama, uko wapi?"

Padri alikuwa na sala tayari mdomoni. Akaiacha.

"Nipo, mwanangu," akamjibu. "Mama nipo."