Bi Rahila Aliyekataa Kukalishwa

Katoni la nepi lilipoingizwa ndani, Bi Rahila alidhani ni la kitukuu chake. Alipolitazama vizuri akaona limechorwa ajuza mwenye nywele nyeupe, anacheka.

"Za nani hizi?"

"Zako, Mama," alijibu Marhoun, mwanawe mkubwa, akivua viatu mlangoni. "Usihangaike tena kwenda msalani usiku. Msalani ndiko wanakoanguka watu."

Bi Rahila alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka sabini na kitu, presha kidogo, na magoti yanayolalamika asubuhi. Huyu ndiye aliyefiwa na mume kule Tabora na watoto wanne mkononi, akashika cherehani mpaka wote wakasoma. Ndiye aliyewavusha wote kuja Omani mwishoni mwa miaka ya sabini, akaingia mji wa Ibra hajui kusema Kiarabu cha kueleweka sokoni. Wanawake wa soko walimcheka. Akajifunza, na siku zikafika akawacheka yeye. Leo mwanawe, meneja wa kuuza magari, mtu ambaye watu humsimamia kwa heshima anapoingia mahali, anamletea nepi.

Alilikamata katoni kwa mikono miwili, akaliburura ukumbini, akaliburura uani, mpaka kwenye pipa la taka nje ya geti. Marhoun alimfuata mikono mbele, kama mtu anayefukuza kuku.

"Mama! Mama, utaanguka!"

"Nikianguka, nianguke na nguo zangu mwilini!"

Majirani walisikia.

Mambo haya yalianza Shaabani ya mwaka huo, 2004. Bi Rahila aliteleza jikoni penye maji ya sabuni, akatua kwa nyonga, akavimba, akapona. Mfupa haukuvunjika. Lakini tangu siku hiyo Marhoun alimfungia. Soko la Jumatano, marufuku. Kupanda darini kuanika nguo, marufuku. Kwenda kwa Kaltham, jirani wa ukuta kwa ukuta, mpaka mtumishi amshike mkono. Kiti cha magurudumu kililetwa kikawekwa pembeni ya kitanda, na kila akitaka kuinuka, sauti inatoka chumba hiki au kile: "Kaa, Mama. Unataka nini? Utaletewa." Akiomba maji, analetewa. Akitaka kuyafuata mwenyewe, nyumba nzima inapiga kelele kama kumeingia nyoka.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alishaiona njia hii inakokwenda. Dada yake, Tamima, aliyekuwa akiishi na wanawe huko Samad Ash Shan, alikalishwa hivi hivi. Alipendwa. Alilishwa, alivishwa, alibebwa. Miguu yake ikawa kama vijiti vya mshikaki. Asubuhi moja alijaribu kwenda kutawadha peke yake, akaanguka chooni. Hakuumia sana, ila hakuweza kuinuka. Nyumba imejaa watu, viyoyozi vinavuma, televisheni inapiga kelele, na Tamima yuko sakafuni kwenye maji tangu wakati wa dhuha mpaka adhana ya alasiri, anaita kwa sauti ambayo haifiki mlangoni. Marhoun ndiye aliyekwenda kumbeba kumpeleka hospitali. Baridi ya maji ilikuwa imekwisha kumwingia kifuani, na wiki haikuisha akafariki.

Watu walisema ameuawa na kuanguka. Bi Rahila hakuwahi kukubali. Yeye alisema ameuawa na kukaa.

Jumatano iliyofuata siku ya katoni, Kaltham alimtorosha. Walisubiri gari la Marhoun lipinde kona, wakapanda la binti wa Kaltham, wakaenda soko la wanawake. Ni soko lao wenyewe, mwanamume haingii, na Bi Rahila alipoziona tena zile khanga na vikopo vya udi vimetandazwa chini, alikaribia kulia, akajizuia kwa sababu alikuwa na hasira nyingi za kutosha.

Hapo kati ya wauzaji alisimama msichana mwenye shela nyeupe, anazungumza na wanawake wazima mmoja mmoja. Jina lake Manar, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyezaliwa hapo hapo Ibra, na bibi yake ni mtu wa Bujumbura. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sisi tunafanya mazoezi ya watu wazima, wasianguke. Pale ukumbi ya wanawake. Hebu bibi, simama mguu moja, nikuone."

"Mguu mmoja," Bi Rahila alimsahihisha. "Na ukumbi wa wanawake." Kisha akainua mguu. Kabla hajavuta pumzi, alikwisha kumdaka Kaltham bega.

Manar hakucheka. "Khalas, yatosha, bibi. Njoo kesho."

Bi Rahila alikwenda akitazamia kurushwarushwa. Alikuta viti vimepangwa mduara na wanawake wa makamo yake wamefunga khanga kiunoni. Kazi ya kwanza ilikuwa kuinuka kitini bila kushika popote. Alijaribu. Mwili haukutoka kwenye kiti. Alijaribu tena, akakaza meno, akarudi chini puu! Hapo ndipo ghadhabu ilipomjia hasa. Mapaja yale yaliyokuwa yakikanyaga cherehani kutwa, nani ameyala? Hayakuliwa na uzee peke yake. Yameliwa na "kaa, Mama."

Basi alifanya mazoezi kama mtu anayelipiza kisasi. Wakisimama nyuma ya kiti kunyanyuka kwa vidole vya miguu, yeye ndiye wa mwisho kushuka. Wakitembea kisigino mbele ya kidole kwenye mstari wa vigae, anatembea huku akimtukana mtu kimoyomoyo. Nyumbani aliwaambia anakwenda darasa la Qur'ani, akamwomba Mungu msamaha kwa uwongo huo, akaendelea. Wiki zilivyokwenda, aliinuka kitini bila mkono. Siku hiyo wanawake walimpigia vigelegele.

Lililompendeza kuliko yote ni lile alilowafundisha Manar mwishoni: kulala chini kabisa kisha kuinuka mwenyewe. Jigeuze ubavu. Sukuma kwa mkono mpaka ukae. Piga magoti, tambaa mpaka kwenye kitu kigumu, weka mguu mmoja, kisha pumzika kabla ya kusimama. Wengine waliona haya kutambaa. Bi Rahila hakuona haya. Aliporudia mara ya pili machozi yalimtoka, akimfikiria Tamima kwenye maji.

Kisha siku moja walikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli. Manar amesimama nje, uso umemshuka.

"Bi Tufool, msimamizi wa ukumbi, amesema mwisho," alieleza. "Kuna mtu alikuja kwake. Alisema, mama yangu akianguka hapa, nitakupeleka mahakamani. Bi Tufool ameogopa."

"Mtu gani?"

Manar alitazama chini. Kaltham naye akatazama pembeni. Ndipo Bi Rahila alipoelewa: Marhoun alikwisha kugundua darasa lile la Qur'ani ni lipi.

Alirudi nyumbani, akamwita mtumishi, wakaingia majlisi ya Marhoun, sebule yake ya wageni, ile yenye zulia la Kiajemi na seti ya vikombe vya kahawa ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Wakayasogeza matakia yote ukutani. Wakaingiza viti vya jikoni. Asubuhi ya pili, Marhoun alipokwenda kazini, wanawake waliingia kwa lango la mbele, wakaanza.

Mtumishi, maskini, aliogopa akapiga simu. Marhoun alikuja mbio, akafungua mlango bila hodi. Wanawake wakapiga ukelele, huyu anavuta ushungi, yule anajificha nyuma ya mwenziwe.

"Aibu gani hii!" Bi Rahila alifoka. "Nimekulea hivyo? Toka, ungoje uani mpaka wenye heshima zao wajisitiri!"

Marhoun, mwanamume mwenye mvi, alitoka akangoja juani. Wanawake walipoondoka, mama yake alimwita.

"Ulikwenda kwa Tufool."

"Nilikwenda, Mama. Na nitakwenda tena. Wewe hujui. Mimi ndiye niliyembeba Khalati Tamima, dada yako. Nilimbeba kama mtoto, hana uzito wowote, midomo imekuwa buluu. Sitaki kukubeba hivyo."

"Ulimbeba. Hana uzito, umesema mwenyewe. Uzito wake ulikwenda wapi? Nani aliyemfundisha kuinuka? Mlimfundisha kuita, na alipoita hamkusikia!"

Marhoun alinyoosha mikono amkalishe kitini.

"Kaa hapo. Usinishike. Ukinishika, wallahi leo nahamia kwa Kaltham."

Akalala chini katikati ya zulia, chali, mikono kifuani. Marhoun alishtuka, akapiga hatua.

"Nimesema usinishike!"

Akajigeuza ubavu. Akasukuma, ushungi umemvuka kichwani. Alikaa, akahema. Akapiga magoti, na goti la kulia likalia, akatoa sauti ya maumivu, na mwanawe akauma kidole ili asimwendee. Akatambaa mpaka kwenye kiti, akaweka mguu, akapumzika, akasukuma. Hakukuwa na uzuri wowote katika kuinuka huko. Lakini alisimama, kwa miguu yake, akamtazama mwanawe uso kwa uso, jasho linamtiririka.

"Umeona? Sasa nenda kwa Tufool ukamwambie ulichokiona."

Marhoun alitoka, macho mekundu. Kwa Tufool hakwenda; kiburi chake hakikumruhusu, na Bi Rahila hakumsamehe hilo kwa muda mrefu. Lakini hakuigusa tena ile majlisi asubuhi za mazoezi, akawa anakaribisha wageni wake jioni tu. Neno "kaa" lilipungua ndani ya nyumba, na kiti cha magurudumu kikapewa mgonjwa mmoja wa mji wa Mudhaibi aliyekihitaji kweli.

Wanawake waliongezeka. Wengine waliletwa na mabinti zao, wengine walitoroka. Mwaka wa pili, baada ya mvua, Kaltham alivuka mfereji wa falaji kwa viatu vya kuteleza, akavunjika nyonga. Mji mzima ukasema: hayo ndiyo mazoezi yenu. Bi Rahila alikwenda hospitali Nizwa alikolazwa, akamkuta shemeji yake Kaltham kando ya kitanda, anahubiri hivyo hivyo, mbele ya mgonjwa.

"Umekuja kumwona au kumsuta?" aliuliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Vijana hawaanguki? Gari zinazopinduka barabara ya Sur zinaendeshwa na vikongwe? Mtu akipinduka, mwambie asipande tena gari maisha yake!"

Shemeji alichukua fimbo yake akaenda kutafuta chai.

Kaltham alipasuliwa. Daktari alisema amepona upesi kwa sababu miguu yake ilikuwa na nguvu kabla, na Bi Rahila aliyarudia maneno hayo kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Miezi michache baadaye Kaltham alitokea mlangoni mwa majlisi, na fremu yake ya kutembelea mbele, wenzake wamekwisha kuanza. Watu wakataka kumkimbilia.

"Mwacheni," alisema Bi Rahila, hajageuka, mguu mmoja juu. "Na umechelewa, Kaltham. Vuta kiti."