Ufa Kwenye Jiko la Mama Hulda

Mabonga alikuwa fundi wa vyuma katika mtaa wa Pioneer, mtu wa Bungoma aliyekuja Eldoret akiwa kijana na kujulikana kwa mageti yasiyolegea. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na wateja walimpendea hilo. Ndiyo maana Mama Hulda, muuguzi mstaafu aliyeishi mtaa wa Elgon View, alimwita alipotaka jiko lake la kuni litengenezwe.

Lilikuwa jiko la zamani la chuma cha kumimina, zito, lenye bomba la moshi lililopenya paa. Marehemu mumewe, Okeyo, alilinunua kwenye shamba moja wenyewe walipokuwa wanahama. Sasa chuma cha ndani kinachobeba kuni kilikuwa kimeliwa na moto, na huwezi kukifikia bila kung'oa bamba la juu. Bolti zilizoshika bamba hilo zilikuwa zimeshikana na kutu hadi hujui bolti inaishia wapi na jiko linaanzia wapi.

"Enda nayo pole pole," Mama Hulda alimwambia. "Hiyo jiko Okeyo aliipenda sana."

Mabonga alianza vizuri. Alizimwagia dizeli, akaziacha zinywe. Akazipasha moto wa gesi, akagusisha mshumaa ili nta iyeyuke na kuingia ndani, kisha akajaribu spana, mbele kidogo, nyuma kidogo. Moja ikalia, ikakubali. Nyingine zikafuata. Iliyokuwa kona ya nyuma, karibu na ukuta, ikakataa kabisa.

Alijua dawa yake. Ingeachwa inywe dizeli mpaka kesho, au ikatwe kichwa na kutobolewa kwa drili. Lakini kulikuwa na geti la mtu mwingine aliloahidi kulisimika jioni ileile. Akachukua tindo na nyundo kubwa, akapiga. Bolti ilikatika, na kutoka kwenye tundu lake ukatambaa ufa mwembamba hadi karibu na katikati ya bamba.

Mabonga alisimama akisikiliza. Mama Hulda alikuwa sebuleni na redio yake. Nje, Kimeli, mzee wa Kapseret aliyemfanyia Mama kazi za nyumbani, alikuwa akipasua kuni. Hakuna aliyeona. Akaujaza ufa kwa udongo wa kuzibia majiko, akapaka rangi nyeusi, akabadilisha chuma cha ndani, kisha akarudisha bamba kwa bolti mpya. Mama Hulda akamletea chai na mkate, akamshukuru hata kumwombea baraka. Mabonga alikunywa akiangalia sakafu.

Julai ilipokolea baridi, Mama Hulda akampigia simu aje tena. Mabonga alikuta bamba limepasuka vipande viwili na kuta za jikoni zimekuwa nyeusi kwa moshi.

"Ni Kimeli," Mama Hulda alisema. "Nimemwambia mara ngapi asijaze kuni. Ameichoma mpaka ikapasuka. Nimemwambia aende kwake. Si moto mingi inaweza kupasua chuma?"

Mabonga aliinama kama anayekagua. Ukingo wa ufa wake wa zamani ulikuwa bado na udongo.

"Inaweza," alisema.

Neno hilo moja ndilo lililomkosesha raha. Bamba lilikuwa bahati mbaya na haraka, kwa hayo aliweza kujitetea. Lakini kwa neno hilo alikuwa amemtoa Kimeli kazini kwa mara ya pili, baada ya Mama Hulda kumfukuza. Nyumbani aliisukuma sahani ya ugali. Mkewe, Namalwa, akamuuliza kama anaumwa. Alianza kusema ni uchovu, akaacha. Akamweleza yote.

Namalwa hakumgombeza. "Na Kimeli yuko wapi saa hii?" aliuliza tu.

Mabonga hakujua. Hakuwa ameuliza.

Asubuhi alirudi Elgon View na kusema akiwa bado mlangoni. "Mama, jiko nilipasua mimi. Ile siku ya kwanza. Kimeli hakufanya kitu."

Mama Hulda aliketi kwenye kiti cha jikoni.

"Aliniambia si yeye," alisema. "Nikamwambia asiongeze uongo juu ya makosa." Akainuka kutafuta funguo za gari. "Twende. Utamwambia wewe mwenyewe, na mimi niko na yangu ya kumwambia."

Walimkuta Kimeli kwake Kapseret akikatia ng'ombe majani. Mabonga akasema. Mama Hulda naye akaomba msamaha, akamwomba arudi kazini.

Kimeli aliweka panga chini. "Kwanza nilijua si mimi," alisema. "Halafu nikaanza kukumbuka vile nilikuwa nawasha. Nikasema labda kweli niliweka kuni mingi. Watu hapa wakiniuliza kwa nini nimerudi, nawaambia niliharibu jiko ya wenyewe."

"Nisamehe, mzee," Mabonga alisema.

Kimeli aligeuka upande wa zizi. Alimwita mkewe, Jerop, aliyekuwa akikamua. "Mwambie huyu pia."

Mabonga akaanza upya, kwa sauti ya chini. Jerop alisikiliza akiwa na ndoo mkononi, akatupa jicho upande wa ua, ambako jirani alikuwa akipalilia.

"Sema kwa nguvu," alisema. "Ile ingine, ya kuwa yeye ndiye aliharibu, walisikia."

Mabonga akasema kwa nguvu. Jirani akasimamisha jembe. Kimeli alitazama majani muda wote, kana kwamba aibu bado ilikuwa yake.

Kimeli hakurudi kazini Elgon View. Alimwambia Mama Hulda atakuja kumsalimia, lakini kazi hapana, na mpaka leo humpelekea maziwa kila anapopita mjini. Jiko lilitengenezwa na fundi mwingine. Mabonga humwona Kimeli mara mojamoja barabarani. Kimeli humsalimia vizuri, humuuliza habari za watoto, na Mabonga hujibu haraka na kuendelea na safari yake.