Neno Kama Lilivyosemwa

Nikisikia plasta ya kufungia maboksi ikivutwa, hata niwe dukani nikinunua sukari, ninasikia nyuma yake watu wakiimba tenzi. Ibada yetu ilikuwa Shahe, soko la nguo la Guangzhou huko Uchina, ghorofa ya tatu, juu ya stoo za suruali, na wafunga mizigo wa chini hawakuijua Jumapili. Sisi tuliimba, wao walivuta plasta, na ubani wa Bi Liang, mwenye jengo, ulipanda ngazi kutoka kwenye kimadhabahu chekundu chenye sanamu alichokiweka mlangoni pamoja na machungwa. Ilikuwa miezi ile ambayo Guangzhou nzima hutoka jasho: kuta zinalia maji, sakafu inateleza, shuka hazikauki, na vitabu vya nyimbo vinanuka uyoga. Nilikuwa sijatimiza miaka kumi na miwili. Baba alikwisha kufa, na mama alinunua mikoba katika soko la Shiling na kuituma kwetu Lubumbashi. Msimu ule ndio niliojifunza kuchukia, na nilijifunza vizuri.

Wengi wetu tulitoka katika makanisa ya zamani ya wamisionari, na kwa kuwa mchungaji hatukuwa naye, mambo yote aliyashika Papa Ezekia, shemasi na mfanyabiashara wa viatu. Mwaka ule alikwenda nyumbani, akarudi amewaka. Kule alikuta kundi la waumini waliotaka kanisa lirudi kwenye imani ya wazee, Maandiko yasomwe kama yalivyo, na asiyekubali akae pembeni. Sitamsingizia, mengi aliyoyasema yalikuwa ya haki. Wachungaji wengine walikuwa wamefikia kuhubiri kila kitu isipokuwa ufufuo. Papa Ezekia aliturudishia Imani ya Mitume, tukaikariri tumesimama kila Jumapili, na sisi watoto tuliipenda, hasa pale pa kushuka kuzimu. Angeishia hapo, leo ningemsifu.

Mama ndiye aliyetufundisha watoto, nyuma ya pazia la turubai. Masika yale alifariki Mzee Salumu, Mwislamu wa Unguja aliyekuwa na stoo jirani na ya mama. Mama alipougua homa, mzee yule ndiye aliyetuletea uji kila asubuhi, kisha akanipeleka shule amenishika mkono huku akinung'unika kwamba ninatembea kama kobe. Mtoto mmoja akauliza darasani kama Mzee Salumu sasa yuko motoni. Mama akamgeukia. "Mambo ya ule moto anayajua Mungu mwenyewe," akasema. "Miye sitamutia mutu ndani." Papa Ezekia alikuwa upande wa pili wa pazia, akisikia.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Papa Ezekia alipita na sinia la mkate na vikombe vidogo vya sharubati ya zabibu, akafika mbele ya mama, aliyekuwa amekwisha kukinga mikono. Akasimama. "Mama Beatrisi, sema mbele ya bote: asiyemwamini Kristo iko mu moto. Sema ndiyo." Mama akamjibu kwa upole kwamba hawezi kusema kitu asichokijua. "Neno la Mungu haliongezwe wala halipunguzwe," Papa Ezekia akasema. "Mwenye kulainisha Neno ni mwongo." Sinia likampita. Mama alibaki na mikono wazi, asijue aiweke wapi. Aliambiwa hatapokea wala kufundisha mpaka atubu mbele ya watu. Mtu asiyejua maisha ya ugenini anaweza kusema, kipande cha mkate ni nini? Mama hakuwa na mume wala ndugu katika mji ule; meza ile ndiyo iliyokuwa ukoo wake. Aliendelea kuja kila Jumapili, akaketi karibu na mlango, akingoja moyo wa mtu yule ulainike. Mimi nilikaa kando ya mama nikimchukia Papa Ezekia, viatu vyake vinavyong'aa na kikohozi chake cha kabla ya sala, na nilimwombea mabaya kwa majina yote ya Mungu niliyoyajua.

Mungu alinisikia mapema kuliko nilivyotazamia. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikaribia, wanunuzi wakafurika mjini, na Bi Liang akapata muuza soksi aliyekitaka chumba chetu. Ilibidi Papa Ezekia akambembeleze, lakini Kichina chake kiliishia kwenye namba. Mimi changu nilikuwa nimekiokota sokoni, miguuni mwa wauza suruali. Kwa shida hiyo binti wa mama aliyetengwa alifaa. Mama alikuwa amenifundisha ukalimani tangu mdogo: maneno ya biashara yana miiba, na kazi yako ni kuitoa. Mteja akisema bei hii ni wizi, wewe mwambie laoban, yaani bosi, kwamba rafiki yetu anaomba upunguze kidogo. Hivyo ndivyo tulivyokula. Siku ile niliamua sitoi mwiba hata mmoja.

Bi Liang alitumiminia chai. Nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya mama yake marehemu. Papa Ezekia alitabasamu, akaomba mwaka mmoja zaidi, nami nikatafsiri. Kisha, tabasamu likiwa pale pale, akamgeukia Papa Fideli, mzee wa kanisa tuliyekwenda naye. "Uyu mama ni mupagani kabisa, na ile sanamu yake ku mulango. Ataungua tu. Lakini tumubembeleze kwanza, mupaka atie mukono." Nikatafsiri hayo yote kwa sauti ya heshima, na sanamu sikuiacha. Bi Liang akaweka birika chini, akaniuliza jambo polepole.

"Anasema nini?" Papa Ezekia akauliza.

"Anauliza kama mama yake pia anaungua. Ule wa ku picha."

Nilimwona akielewa. Alinitazama mimi, akatazama picha, akatazama mkataba ambao haujatiwa saini. Jasho la kuta likawa lake. "Umwambie," akasema, "mambo ya ule moto anayajua Mungu mwenyewe."

"Papa, ayo ndiyo mama alisema. Ukamunyima mukate."

Papa Fideli aliacha kunywa chai. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lile jibu la mwisho la Papa Ezekia nalo nililifikisha kwa Bi Liang, maana nilikuwa mkalimani mwaminifu, naye akatikisa kichwa. "Mei you," akasema, hakuna, na katika masoko ya Guangzhou ukiambiwa hivyo hubembelezi tena. Raha niliyoipata sijaipata tena, na nimeolewa na nimezaa.

Papa Fideli hakuwaficha waumini kitu. Watu wakatawanyika, wengine kwenye ibada ya Kifaransa, wengine wakasali nyumbani, na Papa Ezekia akauza mali yake akarudi Lubumbashi. Mama hakunipiga. Alikaa kitandani akalia, akasema sasa hakuna meza ya mtu yeyote. Nilimwonea huruma mama. Papa Ezekia sikumwonea.

Mimi ningali Guangzhou. Msimu wa maonyesho ninatafsiri Pazhou, ninalainisha maneno ya watu kwa malipo. Waafrika wa Shahe wamepungua sana. Kwetu nyumbani waliotaka imani ya wazee wameshinda. Kanisa liligawanyika, majengo yakawa yao, na Papa Ezekia amekuwa mchungaji mwenye joho na mvi. Mama alirudi Lubumbashi na anasali kwa mchungaji huyo, kwa kuwa ndipo karibu na kwake. Juzi alinipigia simu na furaha tele: Papa Ezekia amempa mkate kwa mkono wake mwenyewe, hakumuuliza kitu. Nikauliza kama ameomba radhi.

"Amezeeka, mwana. Nilimukumbusha mambo ya Shahe. Hakumbuke kitu."

Hakumbuki. Mama alikaa mlangoni msimu mzima kwa ajili ya neno moja, na aliyemkalisha pale amelisahau. Mama anasema yamekwisha, niyaache, kisasi ni cha Mungu. Nilimjibu kwamba Mungu nitamsaidia. Tiketi ya Lubumbashi nimekwisha kuikata. Jumapili, watu wote wakiwa wameketi, nitasimama nimkumbushe.