Vidole Vinne vya Pindo

Mtaa mzima ulimwita mama yule fundi cherehani Vidole Vinne, na jina hilo alilipata kazini. Kila suruali ya mtoto iliyopita kwenye cherehani yake ilitoka na pindo la vidole vinne kwa ndani, ili mwenyewe akirefuka lifumuliwe, suruali ishuke. Mafundi wengine waliacha kidole kimoja, tena kwa kinyongo. Yeye aliacha vinne na hakutaka maswali.

Mwanawe wa pekee alifumua mapindo ya suruali zake zote. Alirefuka mpaka wenzake wakamwita Mlingoti, akaingia jeshini, na likizo ya kwanza akaja na kitambaa cha sare begani, maana suruali aliyopewa kambini ilimwishia juu ya kifundo. Mama yake akamshonea nyingine. Akaacha vidole vinne.

"Mama, nina miaka ishirini na miwili! Nakua kwenda wapi?"

"Simama wima, punguza mdomo. Mimi naiuliza futi, sikuulizi wewe."

Akacheka, akaondoka nayo hivyo hivyo. Miezi minne baadaye akafia vitani. Sanduku lake la nguo lilirudishwa na ile suruali ndani, imekunjwa vizuri kuliko alivyowahi kukunja nguo mwenyewe.

Mwaka wa pili ulipofika, shule aliyosoma ilimtengea kona maktabani, sanamu ya mbao ivishwe sare yake, na picha ikae pembeni. Sare wakaichukua. Siku chache baadaye mwalimu mkuu akarudi, suruali mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, hicho kigoda hakiumi."

"Mama, sanamu yetu ni fupi. Suruali inaburuta chini. Tunaomba uikate kidogo, shughuli ni Jumamosi."

"Nikate?"

"Kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Na mimi nitakuwa nimekwenda wapi?"

Mwalimu akaiacha suruali mezani, akaaga.

Mchana ule jua lilikuwa limejinyoosha mlangoni kama paka. Fundi alishika mkasi, akauweka. Akakanyaga pedali bila uzi wala kitambaa, cherehani ikaenda tu, trrr, trrr, na sauti ile ikambeba taratibu kama abebwavyo mtoto mgongoni. Akamwona mwanawe mlangoni. Alikuwa wa miaka sita, kichwa sawa na meza. Akawa wa kumi, sawa na kitasa. Kisha akaingia yule mkubwa, akiinama asijigonge, akasimama mbele yake, mikono kando, kama alivyozoea. Akampima. Futi ikaisha, mwana akaendelea kwenda juu, polepole, hana haraka, mpaka uso wake ukawa mwanga uliopita kwenye tundu la bati.

"Mama, umeacha vingapi?"

"Vinne."

"Basi vinatosha."

Alipozinduka, mguu wake ulikuwa bado unakanyaga. Akachukua wembe, akafumua pindo lote, uzi kwa uzi, akaipiga suruali pasi. Kisha akavuka barabara kwa mdogo wake, seremala.

"Chukua mbao uende shuleni. Ile sanamu iongeze miguu."

"Dada, watu hukata suruali."

"Hao watu hawakumzaa. Na wewe ni mjomba wake, au ulikuwa mjomba wa siku za pilau tu?"

Seremala akaweka randa chini. "Haya, yaishe. Niongeze kiasi gani?"

Akamnyooshea futi, kidole juu ya namba. "Hapa ndipo alipofika siku ile nilipompima. Halafu weka vidole vinne."

"Vya nini tena?"

"Miaka miwili imepita. Unadhani amekaa vile vile?"

Seremala akachukua penseli iliyokuwa sikioni, akaandika.

Jumamosi watu walijaa maktabani. Sanamu ilizipita rafu zote. Chini ya suruali ulionekana mstari wa mkunjo wa zamani, ambao pasi haikuweza kuufuta. Mwalimu mkuu alitazama juu, akatazama chini.

"Mama, mbona kama amerefuka?"

Fundi hakumsikia, au alijifanya. Alikuwa amepiga magoti, anatoa kiuzi kilichosalia kwenye mkunjo ule.

"Simama wima," akanong'ona.