Mbwa Aliyelinda Saruji Yangu

Mimi nilikwenda kuchukua paka. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu ndugu zangu mpaka leo wanasimulia kana kwamba niliamka tu asubuhi nikaamua kumletea mama yangu mbwa. Panya walikuwa wamehamia darini, mama alikuwa hapati usingizi, na ni yeye mwenyewe aliyesema tutafute paka.

Mama alikuwa na miezi minne kwangu Mkuza, Kibaha. Tangu baba afariki alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba yao ya shambani Kisarawe, akilima mihogo yake na kukataa kuhama. Nilimbembeleza miaka miwili. Alipokubali, nilimpa chumba chenye dirisha linaloangalia uani, nikamtandikia mkeka wake barazani, nikamwekea birika la udhu kando ya bomba. Kuanzia hapo niliishi na hofu moja tu, kwamba siku moja atasema anarudi kwake. Akikohoa, nilidhani anaaga. Akikunja nguo, moyo ulinipasuka. Mimi ni karani wa masijala, kazi yangu ni kuhakikisha kitu kilichowekwa mahali kinabaki pale, na mama yangu hakuwa faili.

Ofisini mwenzangu mmoja akanielekeza Mbwawa. Kule kuna mama mmoja, daktari wa mifugo mstaafu, mtu wa bara, aliyegeuza shamba lake kuwa kituo cha wanyama waliotupwa. Majirani wanamwita Mama Mbwa na yeye anaitika bila kununa. Nilifika Jumamosi asubuhi nikakuta sufuria ya ukubwa wa shughuli jikoni, ugali na dagaa vinasongwa pamoja kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Vibanda vya mbwa alivijenga kwa mbwa mmoja mmoja, lakini kila kimoja kilikuwa na watatu au wanne, wamelaliana. Watoto wa mbwa walikuwa kwenye kitanda cha mtoto, kile cha mbao chenye fito pembeni. Paka walikaa juu ya bati la jiko maana chini hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu.

Nikauliza wanatoka wapi wote hawa.

"Kwenye nyumba," akasema daktari. "Kibaha inajengwa, dada. Kila saiti ina mlinzi, na kila mlinzi ana mbwa. Nyumba ikiezekwa na kupigwa rangi, mlinzi anaagwa. Mbwa haagwi. Mwenye nyumba anasema mbwa ni wa mlinzi, mlinzi anasema mbwa ni wa saiti."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe.

Pale kwake huchagui mnyama. Anakugeuzia ndoo katikati ya uwanja, unakaa, mikono magotini, kimya. Anafungua vibanda. Atakayekuja kukaa karibu yako bila kuitwa, huyo ndiye wako. Anasema watu wakiachiwa wachague wanachagua rangi, na rangi ikishazoeleka mnyama anarudishwa.

"Lakini mimi nimefuata paka, daktari."

"Paka nao wana miguu," akanijibu.

Basi nikakaa juu ya ndoo na gauni langu la kwendea mjini. Paka waliniangalia kutoka kwenye bati kama watu wanaoangalia mgeni aliyekosea msiba. Mbwa wadogo walinikimbilia, wakaninusa viatu, wakaenda zao. Kisha akaja jike mmoja mzee, rangi ya kahawia, mdomo umeota mvi. Alikuja polepole, akajilaza mbele ya miguu yangu akinipa mgongo, uso kuelekea getini. Sikio la kulia lilikuwa limekatika ncha. Kwenye paja alikuwa na kovu la zamani, kipara cha ukubwa wa kiganja, pasipoota manyoya tena.

Kile kipara nilikijua. Siku tuliyomwaga zege la linta, ule mkanda wa juu ya madirisha, saidia fundi alimmwagia karai zima mbwa wa mlinzi wangu, na mimi ndiye niliyepiga kelele wamwoshe haraka kabla saruji haijamuunguza. Walichelewa. Mbwa huyo alilala miaka mitatu juu ya lundo la mchanga kwangu, akabwekea kila aliyesogelea mifuko yangu ya saruji na nondo zangu, na sikuibiwa hata msumari. Nyumba ilipokwisha nikampikia mlinzi pilau, tukaagana vizuri, akarudi kwao. Mchanga ukazolewa. Nikatandaza pevingi, vile vitofali vya saruji, uani kote, ukuta kwa ukuta, kwa sababu sipendi vumbi. Habari za mbwa sikumuuliza mtu yeyote.

"Anakufahamu?" daktari akauliza.

"Hapana," nikasema. Halafu nikaona aibu, mwanamke wa umri wangu. "Alikuwa saiti kwangu."

Hakunisema. Nadhani angenisema ningepata cha kujibu. Alichuchumaa, akamkuna mbwa nyuma ya lile sikio bovu, akanieleza hali ilivyo. Majirani walikuwa wamelalamikia kelele na harufu, na hakuwalaumu. Alikuwa ameahidi kwenye serikali ya mtaa kwamba ifikapo mwisho wa mwezi atapunguza idadi. Watoto wangepata watu. Wazee hawana anayewataka.

"Wazee nitawachoma sindano ya mwisho mwenyewe," akasema. "Sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo. Huyu ni wa kwanza kwenye orodha."

Nikaondoka naye kwa bajaji. Daktari alinipa wiki moja ya majaribio. Alisema nikishindwa nimrudishe, ila nijue kwamba siku hiyo hiyo nafasi yake itakuwa imechukuliwa.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo paka wa wapi?"

Nikamweleza yote, kuanzia zege mpaka orodha, kwa haraka kama mtoto aliyevunja sahani. Mama alimwangalia mbwa. Akasema, "Mfunge nyuma," akakunja mkeka wake, akaingia nao ndani. Hilo tu. Mama yangu ni mtu wa kugomba, akigomba mtaa mzima unajua, na ningelipa chochote anigombeze siku ile.

Nyuma ya nyumba, karibu na simtanki la maji, nilimfunga kwa kamba ndefu. Alizunguka juu ya pevingi ananusa, anakuna kwa kucha, anazunguka tena. Mwishowe akalala pale pale lilipokuwa lundo la mchanga wake. Nilisimama dirishani jikoni nikilia na kitunguu mkononi, ili mama akiingia nipate kisingizio.

Siku tano mama aliswali chumbani. Chai alinywa chumbani. Nilimsikia akiongea na dada yake kwa simu kuhusu mihogo, kwamba imefika ya kuvunwa, na kila neno lilinichoma.

Alhamisi nilikuwa nimechukua ruhusa ya siku mbili kazini. Mchana nikasikia kitu kikiburuzika uani. Kamba ilikuwa imekatika. Mbwa alikuwa bombani, ameangusha birika la mama, analamba mdomo wa birika kwa bidii. Joto lilikuwa kali na mimi nilikuwa nimesahau kumjazia maji. Nikakimbia, nikamfunga, nikachukua birika nikalisugua kwa sabuni ya unga, mara moja, mbili, mpaka saba, nikitazama huku na huku kama mwizi. Nikalirudisha mahali pake, likang'aa kuliko siku niliyolinunua.

Nilipogeuka mama alikuwa dirishani.

"Umeliosha mara ngapi?"

"Saba, mama."

"Na udongo?"

Nilifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa na miaka sita, kama watoto wote wa kwetu. Chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo safi. Nikaangalia uani. Pevingi. Nikaangalia pembeni mwa ukuta. Pevingi. Udongo pekee niliokuwa nao ulikuwa kwenye makopo ya maua, na mama alijua una mbolea ya kuku. Nikataja wa barabarani, nje ya geti.

"Wanapopita ng'ombe na maji ya vyoo vya watu?" Akatikisa kichwa. "Hee! Nyumba gani hii, mwanangu, haina hata kiganja cha udongo?"

Akafunga dirisha.

Ijumaa alfajiri nilimkuta sebuleni amevaa baibui, mkoba wake begani. Akasema anakwenda Kisarawe. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema, "Nina jambo nyumbani." Nyumbani, akasema. Nilimsindikiza mpaka stendi.

Niliporudi niliketi barazani pale mkeka ulipokuwa. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia daktari na ndoo yake, nikajikasirikia mimi na pevingi zangu. Halafu nikafanya nililoona ni lazima. Nikamfungua mbwa, nikaita bajaji, tukarudi Mbwawa.

Daktari alitusikia getini. Aliitazama kamba mkononi mwangu, akaelewa. Kwenye kibanda cha yule mbwa kulikuwa tayari na wengine watatu, mmoja ananyonyesha.

"Mama yangu ameondoka," nikasema.

"Pole, dada." Hakuwa na kejeli. "Mfunge pale kwenye mpapai. Asante kwa kujaribu."

Nikamfunga. Mbwa alinusa ardhi, shamba zima la udongo, akakuna kidogo, akajilaza akinipa mgongo, uso kuelekea getini. Alikuwa ananilinda. Nilikuwa nimemleta auawe na yeye alikuwa amekaa kazini. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale, fundo la kamba mkononi mwangu, simu ilipolia.

"Uko wapi?" Mama alikuwa anapiga kelele, nyuma yake magari. "Niko stendi. Njoo na usafiri, nina mzigo."

Sikumuuliza daktari ruhusa. Nilifungua kamba, na yeye akatufungulia geti.

Nilimkuta mama amekaa juu ya kiroba kilichofungwa kwa kamba ya mkonge, baibui lina vumbi mpaka magotini. Saa tisa alasiri, alikuwa hajala. Aliniona, akamwona mbwa kwenye bajaji.

"Na huyo unampeleka wapi?"

"Nilikuwa nimemrudisha, mama. Nilidhani umehama."

"Nani kakwambia nimehama?" Hapo akaanza kugomba, stendi nzima ikageuka, na mimi sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. "Kakulindia saruji miaka mitatu, leo unamtupa mara ya pili? Kosa lake nini, kiu? Baba yako alikuwa na mbwa shambani wa kufukuzia nguruwe, miaka yote, na tuliswali, na tulikula. Unadhani tulifanyaje?"

Ndipo nikakumbuka. Nyuma ya nyumba yetu Kisarawe kulikuwa na beseni lililojaa udongo chini ya ukingo wa paa, limefunikwa kwa ungo mbovu. Utoto wangu wote nilidhani ni udongo wa kusugulia masufuria.

Nikashika kiroba kukipandisha kwenye bajaji, nikashindwa. Mama wa miaka sabini na kitu alikuwa amekisafirisha kwa magari mawili na bodaboda.

"Konda kaniuliza kama nimebeba mchele," akasema, sasa amepoa. "Nimeuchimba mwenyewe, kule juu penye mihogo. Hapajapita kitu."

Nyumbani alinituma nikalete beseni. Akamimina udongo ule mwekundu, akautandaza kwa kiganja, akachagua mizizi akaitupa. Kisha akanipa birika. "Haya. Nionyeshe kama chuoni ulikuwa unasikiliza."

Nikapiga magoti bombani nikasugua kwa udongo, nikasuuza, na mama alikuwa amesimama juu yangu anahesabu kwa sauti. Mbwa alikuwa amelala mahali pake, bakuli lake la maji limejaa. Namshukuru Mungu kwa yule mbwa. Namshukuru yule mama wa Mbwawa na ndoo yake. Lakini kwa mama yangu sijapata neno la shukrani linalotosha.

"Saba," akasema mama. Akalichukua birika, akalijaza, akatawadha, akatandika mkeka wake barazani. Kabla ya kufunga swala aligeuka akaliangalia lile beseni.

"Udongo huo utatufikisha mwaka," akasema. "Ukiisha nitafuata mwingine."