Kitufe cha "Ndiyo" cha Mama Mkwe

Dakika tano kabla ya saa sita mchana niligundua kwamba mama mkwe wangu, bibi wa miaka sabini na tatu, amenizidi akili kwenye kazi ninayolipwa kuifanya.

Wenzangu wa ofisini mtakaosoma hapa, chekeni tu. Nimeshazoea.

Naitwa Halvar. Nashughulikia kompyuta za halmashauri moja hapa Stockholm, huu mwaka wa kumi na sita. Mimi ndiye yule jamaa anayekufokea ukibonyeza kiungo usichokijua. Subira sina, na najijua.

Jumanne hiyo, saa tano kasoro, mke wangu Disa akanipigia.

Mama yake, Gunvor, amepata nyumba. Ya chini kabisa, haina ngazi, iko Farsta, dakika tatu kwa miguu kutoka kwetu. Mwisho wa kujibu ni saa sita kamili mchana. Na kitufe cha "ndiyo" kwenye kompyuta ya mama hakibonyezeki.

"Nenda wewe, mimi nina mgonjwa kwenye kiti," akasema. Disa ni daktari wa meno. "Halvar, hii ikipita, mama atafia kwenye zile ngazi."

Hakuwa anatia chumvi. Gunvor anakaa mtaa wa Aspudden, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Februari aliteleza akavunjika nyonga, akalala pale kwenye ngazi dakika arobaini mpaka jirani alipotokea.

Na nyumba hapa huipati kwa kuitaka tu. Unajiandikisha kwenye foleni ya mji, unahesabiwa siku. Gunvor ana siku za miaka ishirini na miwili. Ukishasaini mkataba siku zote zinafutwa, unarudi sifuri.

Tangu ile ajali Disa alikuwa hapumziki. Kila nyumba nzuri ikitokea, anamuuliza, "Mama, tuombe hii?" Mama anajibu, "Tutaona." Disa anaomba.

Nikatoka mbio.

Gunvor alinifungulia taratibu na mkongojo wake. Mezani kahawa iko tayari, maandazi ya iliki yamepangwa kwenye sahani. Nikamwambia mama, leo hakuna muda wa kahawa. Akanimiminia tu.

Kompyuta yake nilikuwa nimeiwekea kizuizi cha skripti miaka mitatu nyuma, baada ya tapeli kumpigia akijifanya mtu wa benki. Skripti ni vile vijiprogramu ambavyo ukurasa unaviendesha ndani ya mashine yako bila kukuuliza. Kizuizi kinavisimamisha vyote mlangoni, halafu wewe unaamua. Kila chanzo, yaani tovuti vinakotoka, unakipa ruhusa yake: hiki nakiamini siku zote, hiki kwa muda tu, hiki sikiamini kabisa.

Nilimfundisha kwa nusu saa, nimesimama, koti sijavua. Mengine nikamwambia ayaache kama yalivyo.

Basi nikakaa. Nikabonyeza "amini vyote kwa muda". Ukurasa ukajipakia upya. Nikabonyeza "ndiyo".

Kimya.

Nikarudia. Kimya. Nikafunga kivinjari nikakifungua tena, na hapo nikajiita mjinga, maana ruhusa za muda ukifunga kivinjari zinakufa zote. Nikaingiza nywila upya, nikaanza moja.

Saa sita kasoro ishirini. Shati limeshanatana na mgongo.

Nikakumbuka kitu: "amini vyote" haigusi chanzo ambacho tayari umekitia alama ya kutokiamini. Ahaa! Bila shaka nilikifungia mimi mwenyewe kitambo nikasahau. Nikaenda mbio kwenye orodha ya visivyoaminika.

Tupu. Hakuna hata kimoja.

Aisee, nilichoka. Disa ameshatuma ujumbe mara tatu, wa mwisho una alama ya kuuliza tu. Gunvor ananiambia kahawa inapoa. Nikamkasirikia moyoni, nikajiuliza huyu mama haoni saa?

Saa sita kasoro dakika tano nikafungua ruhusa ya aina ya nne, ile ya kujipangia mwenyewe. Hiyo sikumfundisha. Hata ofisini kwetu wanaoielewa hawafiki watano.

Nikakiona. Chanzo cha huduma ya kusaini kwa simu, ambacho kitufe cha "ndiyo" hakifanyi kazi bila hicho. Kwenye kurasa zote kimeruhusiwa: kodi, kliniki, maktaba. Isipokuwa kwenye ukurasa mmoja tu, wa foleni ya nyumba. Hapo kila kisanduku kimeondolewa tiki, kimoja kimoja, na kilichopangwa kwa mkono "amini vyote" haikigusi.

Mashine haiwezi kujipanga hivyo kwa bahati mbaya. Na si mimi niliyepanga.

Nikageuka.

"Mama, ni wewe umefanya hivi?"

Akavuta pumzi kidogo, kwa ndani. Kwao kaskazini mwa nchi "ndiyo" inasemwa hivyo, hata mdomo haufunguki.

"Umejifunza wapi?"

"Kwenye maelekezo yake. Nililala hospitali wiki tatu, unadhani nilikuwa nasoma nini?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia tunahangaika mji mzima kwa ajili yake, si angesema tu kwamba hataki?

"Nimesema. Mara nne."

"Ulisema tutaona!"

"Eeh. Sasa ulitaka niseme nini zaidi? Disa ndiye mwanangu pekee. Pale hospitali alilia siku tatu. Nikimwambia sitaki, atalia tena. Mashine ikikataa, atailaani mashine, yaishe."

"Na ukianguka tena?"

"Naweza kuanguka. Lakini Farsta simjui mtu, Halvar. Nitakuwa naangaliwa na ninyi, nimeamka saa ngapi, nimekula nini. Siku zangu zote zile za foleni ziishie kwenye nyumba ambayo sikuichagua mimi?"

Zimebaki dakika mbili.

Nitasema ukweli. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Namba yake ya siri naijua, niliiweka mimi. Tiki, kitufe, namba, kwisha. Disa angenikumbatia. Na mimi nampenda yule mama, ile picha yake amelala kwenye ngazi peke yake hainitoki mpaka leo.

Mkono ulikwenda kwenye simu. Ulifika kabisa.

Nikaisukuma kwake. Nikarudisha tiki kwenye visanduku, nikaigeuza kompyuta imtazame yeye.

"Sasa kinafanya kazi," nikamwambia. "Ukitaka, bonyeza."

Akakiangalia kitufe. Akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa. Saa sita ikafika, kitufe kikawa kijivu.

Disa akapiga papo hapo. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri, kwamba mtandao ulikatika. Gunvor akanyoosha mkono nimpe simu.

"Disa, mwanangu. Mashine ni nzima. Mimi ndiye sitaki."

Kisha nikasikia kilio kwa mbali, na Gunvor naye midomo ikaanza kucheza. Lakini hakukata simu. Waliongea saa nzima, na mgonjwa wa Disa akasubiri na mdomo wake wenye ganzi.

Mimi nilikaa nikala maandazi manne kwa aibu. Miaka kumi na sita nawafundisha watu kwamba hakuna kitu kinachoendeshwa kwenye mashine ya mtu kabla mwenyewe hajaruhusu. Huyu mama tulikuwa tunamwendeshea maisha yake mazima.

Kama una mzazi unayemtafutia nyumba, dawa au mahali pa kukaa, jamani, muulize. Na ukishauliza, nyamaza usikie anachojibu.

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Disa, macho bado mekundu, akamuuliza, "Mama, wewe unataka kukaa wapi?"

Gunvor akavuta droo ya meza, akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Nyumba tatu, mtaa huohuo wake, zote zina lifti, na namba za milango ameziandika kwa mwandiko wa kutetemeka wa mtu aliyelala kitandani hospitali.

Juu kulikuwa na tarehe ya Februari.